Sativus, sativa, sativum: namna ya kufuata asili na maumbo ya kivumishi kimoja cha Kilatini

Swali hili haliishi. Wanaosoma kilimo huliuliza, wa famasia huliuliza, na wanaoanza Kilatini seminarini nao huliuliza kwa namna yao: mbona tango ni Cucumis sativus, mpunga ni Oryza sativa, halafu kitunguu saumu ni Allium sativum? Ni maneno matatu au ni moja? Na nitajuaje lipi liende wapi bila kukariri jina la kila mmea?

Ni neno moja. Ni kivumishi, maana yake ni "kinachopandwa", na kinabadilisha mwisho wake kwa kufuata nomino kinayoieleza. Ukishakifahamu hiki kimoja vizuri, umefahamu pia mamia ya vivumishi vingine vinavyokwenda kwa mtindo huohuo. Mwongozo huu unakuchukua kutoka kulitambua neno, hadi kutafuta asili yake, hadi kuandika maumbo yake yote na kuyatumia. Fanya kila hatua kwa kalamu. Kilatini hakiingii kwa kusoma kwa macho tu.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

Daftari na kalamu.

Kamusi ya Kilatini inayoonyesha urefu wa irabu, yaani yenye kistari juu ya irabu ndefu. Kamusi ya Lewis na Short ya mwaka 1879 inapatikana bure mtandaoni na inatosha kabisa kwa kazi hii. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini utakachokihitaji humo ni kidogo.

Majina matano au sita ya mimea unayoifahamu. Nitatumia haya: Cucumis sativus (tango), Raphanus sativus (figili), Oryza sativa (mpunga), Nigella sativa (habasoda), Allium sativum (kitunguu saumu), Coriandrum sativum (giligilani, au dania kwa watu wa Kenya).

Istilahi chache. Kilatini kina jinsia tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike, ambayo hapa nitaiita jinsia kati. Kina pia hali sita za nomino, zinazoonyesha kazi ya neno katika sentensi: nominativu (mtenda), genitivu (mwenye kitu, "-a fulani"), dativu (anayepewa), akusativu (mtendwa), ablativu (kwa, pamoja na, kutoka), na vokativu (anayeitwa). Basi, nadharia imetosha.

Wewe unayesema Kiswahili una mtaji ambao Mwingereza hana. Tangu utotoni unasema kitabu kizuri, mti mzuri, jani zuri, na hujawahi kujiuliza kwa nini -zuri inabadilika. Kilatini kinafanya upatanisho huohuo, ila chenyewe hubadilisha mwisho wa neno badala ya mwanzo.

Hatua ya 1: Pata umbo la kamusi

Ukikuta sativum kwenye lebo, usiitafute sativum. Kamusi huorodhesha vivumishi kwa umbo la kiume, umoja, nominativu. Kwa hiyo geuza -um au -a iwe -us, kisha tafuta. Utakuta imeandikwa hivi:

sativus, -a, -um

Maana yake: umbo la kiume ni sativus, la kike ni sativa, la jinsia kati ni sativum. Karibu vivumishi vyote vinavyoandikwa "-us, -a, -um" hufuata njia moja.

Onyo. Si kila kivumishi kina -us. Vingine huishia -er, kama niger, nigra, nigrum, "eusi", ambacho unakiona kwenye Piper nigrum (pilipili manga) na Solanum nigrum (mnavu). Ukitafuta "nigrus" hutaipata, kwa sababu haipo.

Hatua ya 2: Toa shina

Chukua umbo la kike, ondoa -a ya mwisho, kinachobaki ni shina. Sativa bila -a ni sativ-. Nigra bila -a ni nigr-.

Kwa nini umbo la kike na si la kiume? Kwa sativus haileti tofauti. Lakini kwa niger ukianzia umbo la kiume utapata shina "niger-", na maumbo yako yote yatakuwa na e isiyotakiwa: "nigerum", "nigerae". Jizoeze kuanzia umbo la kike na hutakosea kamwe.

Hatua ya 3: Kata kiambishi ufikie kitenzi

Hapa ndipo kazi inaponoga, kwa hiyo usiharakishe. Shina sativ- lina sehemu mbili: sat- na -iv-. Hiyo -iv- ni kiambishi kinachounda vivumishi kutoka kwenye umbo la kitenzi la kutendwa. Tazama wenzake:

captus (aliyetekwa) → captivus
natus (aliyezaliwa) → nativus
datus (kilichotolewa) → dativus
satus (kilichopandwa) → sativus

Umeliona neno dativus hapo? Ndilo lililotupa "dativu", hali ya anayepewa. Majina mengine ya hali ulizosoma hapo juu yametengenezwa vivyo hivyo: vocativus kutoka vocatus, aliyeitwa, nominativus kutoka nominatus, aliyetajwa. Sativus ni ndugu yao kwa umbile.

Sasa tafuta kitenzi chenye satus ndani yake. Kamusi za Kilatini huorodhesha vitenzi kwa sehemu nne, na hiyo sat- huonekana kwenye sehemu ya nne. Kitenzi chetu ni:

sero, serere, sevi, satum: kupanda, kusia mbegu

Onyo kubwa. Ukifungua kamusi kwenye "sero" utakuta maingizo kadhaa, na wanaoanza wengi huchukua la kwanza linalowapendeza. Kuna sero, serere, sevi, satum, "kupanda". Kuna sero, serere, serui, sertum, "kuunganisha, kusuka", ambalo ndilo lililozaa series, mfululizo. Na kuna sero lisilo kitenzi kabisa, lenye e ndefu, "kwa kuchelewa". Usiangalie sehemu ya kwanza, angalia ya nne. Ni moja tu kati ya hayo yenye satum.

Hatua ya 4: Ihakiki asili kwa ndugu na kwa urefu wa irabu

Asili ya neno haithibitishwi na kufanana kwa sauti peke yake. Fanya majaribio mawili.

Jaribio la ndugu. Andika maneno mengine ya mzizi huohuo uone kama maana zinakaa pamoja. Sator ni mpanzi. Satio ni tendo la kupanda. Semen ni mbegu. Seminarium ni kitalu cha miche, mahali mbegu zinapooteshwa kabla ya kuhamishiwa shambani. Hilo la mwisho unalijua: Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliagiza kila jimbo liwe na nyumba ya kulelea vijana watakaokuwa mapadri, na ukaiita seminarium. Kwa hiyo seminari ya Kiswahili na sativa ya kwenye gunia la mchele ni watoto wa mzizi mmoja. Semina za hotelini nazo zimo humohumo.

Wanaisimu huufuata mzizi huu hadi lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ambayo haikuandikwa, na huuandika *seh₁-, "kupanda mbegu" (nyota huonyesha umbo la kukisiwa). Kiingereza kimebaki nao katika seed, Kijerumani katika Saat. Lile umbo sero lenyewe lilikuwa zamani *siso: mzizi ulirudia konsonanti yake ya kwanza, kisha s iliyokaa katikati ya irabu mbili ikageuka kuwa r, kama ilivyo desturi ya Kilatini (flos, ua, genitivu yake ni floris), na i iliyotangulia r ikawa e. Ndiyo maana semen na satus zina s moja tu mwanzoni na hazina r.

Jaribio la urefu wa irabu. Varro, mwanazuoni wa Kirumi aliyeishi kuanzia 116 hadi 27 KK, aliandika kwamba jina la mungu Saturnus limetokana na satus, kupanda. Inapendeza, kwani Saturnus alikuwa mungu wa mazao. Lakini Saturnus ina a ndefu, na satus ina a fupi, na hakuna kanuni ya Kilatini inayoirefusha hapo kirahisi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa leo hawaikubali asili hiyo. Kistari kile kidogo juu ya irabu, ambacho wengi hukipita bila kukitazama, ndicho kinachoamua kesi kama hizi.

Usiunganishe pia sativus na satis, "ya kutosha". Huo ni mzizi mwingine.

Na usikate kila -iv- unayoiona. Vivus, "hai", haina kiambishi. -Iv- yake ni sehemu ya mzizi. Aestivum ya Triticum aestivum, ngano, imetoka kwenye nomino ya kiangazi, si kwenye kitenzi. Kiambishi ni dalili tu. Uthibitisho uko kamusini.

Kuhusu matumizi ya zamani: waandishi wa Kirumi walioandika juu ya kilimo, kama Varro huyohuyo na baadaye Plinius Mkubwa aliyefariki mwaka 79 BK volkano ya Vesuvius ilipolipuka, walilitumia neno sativus kwa mimea ya kupandwa, wakiiweka mkabala na silvestris, ya mwitu. Silvestris imetoka silva, msitu, sawasawa na sisi tunavyosema "-mwitu". Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alipoipa mimea majina yenye maneno mawili mawili, alilichukua neno hilo kutoka kwenye urithi huo na kulibandika kwenye mazao mengi: mpunga, tango, letusi, giligilani, zafarani, bangi. Kwa hiyo sativa kwenye Cannabis sativa haielezi nguvu wala athari yoyote. Inasema tu kwamba mmea huo hupandwa.

Wala usidhani kwamba jamaa wa mmea wasioitwa sativus hawapandwi. Kitunguu maji ni Allium cepa, na kila bustani inacho.

Hatua ya 5: Tafuta jinsia ya nomino

Makosa mengi hutokea hapa. Kivumishi hakina jinsia yake chenyewe. Kinaazima ya nomino. Fungua kamusi uone herufi iliyo mbele ya nomino: m. kwa kiume, f. kwa kike, n. kwa jinsia kati.

Mwanzoni utashawishika kubahatisha kwa mwisho wa nomino, na mara nyingi utapatia. Nigella, Oryza, Lactuca na Avena huishia -a na ni za kike. Allium, Pisum na Coriandrum huishia -um na ni za jinsia kati. Raphanus na Crocus huishia -us na ni za kiume. Ndipo mtu anapojiamini na kusema kwamba maneno yanapaswa kufanana sauti za mwisho. Hapana. Tazama hizi:

Cucumis na Cannabis zote huishia -is. Cucumis ni ya kiume, Cannabis ni ya kike. Kwa hiyo Cucumis sativus, lakini Cannabis sativa.

Piper haifanani na yoyote kati ya hizo, nayo ni ya jinsia kati: Piper nigrum.

Miti mingi yenye -us ni ya kike. Mkwaju ni Tamarindus indica. Mti unaojulikana na waganga wa Kenya na Kameruni kwa magome yake ni Prunus africana. Anayeandika "Tamarindus indicus" amefuata sauti.

Nomino zenye asili ya Kigiriki zinazoishia -ma ni za jinsia kati hata kama zinaonekana za kike. Theobroma, jenasi ya mkakao (jenasi ni kundi la jamaa, nalo ndilo neno la kwanza la jina), ni mojawapo: jamaa mmoja wa mkakao huitwa Theobroma grandiflorum, si "grandiflora".

Kama utakumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, kumbuka hili: upatanisho ni wa jinsia, idadi na hali, si wa kina cha mwisho kama kwenye shairi.

Mfano wa kufundishia ulio bora kuliko yote ninaoujua uko Zanzibar na Pemba, shambani. Linnaeus aliuita mkarafuu Caryophyllus aromaticus. Baadaye wataalamu wakauhamishia jenasi Eugenia, ukawa Eugenia aromatica. Mwaka 1939 ukawekwa kwenye jenasi Syzygium, na mpaka leo ni Syzygium aromaticum. Mti ni uleule, harufu ni ileile, kivumishi ni kilekile chenye maana ya "wenye harufu nzuri". Kila nomino ilipobadilika, kivumishi kikabadili mwisho kuifuata: ya kiume, ya kike, ya jinsia kati. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinadai upatanisho huo, na mwandishi akikosea mwisho, wanaomfuata wanatakiwa kuusahihisha.

Hatua ya 6: Andika jedwali lote kwa mkono wako

Chukua shina sativ- ubandike miisho. Mpangilio ni kiume, kike, jinsia kati.

Umoja
Nominativu: sativus, sativa, sativum
Genitivu: sativi, sativae, sativi
Dativu: sativo, sativae, sativo
Akusativu: sativum, sativam, sativum
Ablativu: sativo, sativa (a ya mwisho ni ndefu), sativo
Vokativu: sative, sativa, sativum

Wingi
Nominativu: sativi, sativae, sativa
Genitivu: sativorum, sativarum, sativorum
Dativu: sativis kwa jinsia zote
Akusativu: sativos, sativas, sativa
Ablativu: sativis kwa jinsia zote
Vokativu: kama nominativu

Nafasi zote ni 36, lakini ukihesabu maumbo yanayotofautiana kwa maandishi ni 13 tu. Usikariri 36. Kumbuka mambo matatu yanayopunguza mzigo: jinsia kati huwa na umbo moja kwa nominativu, akusativu na vokativu, dativu na ablativu za wingi ni sativis popote, na jinsia ya kiume na kati hutofautiana tu kwenye nominativu, akusativu na vokativu.

Kutokana na kujirudia huko, umbo moja laweza kuwa na kazi kadhaa. Sativa yaweza kuwa ya kike umoja, au ya jinsia kati wingi. Sativae yaweza kuwa "ya kilichopandwa" au wingi wa kike. Nomino iliyo jirani ndiyo inayokuamulia. Usitafsiri kivumishi kabla hujaiangalia.

Hatua ya 7: Kitumie kwenye maneno halisi

Jedwali lisilotumika husahaulika kabla ya wiki kuisha. Chukua majina ya dawa za mitishamba, maana huko genitivu inafanya kazi kila siku. Katika machapisho ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mimea ya dawa, kitunguu saumu huitwa Bulbus Allii Sativi. Kifungue pole pole. Bulbus ni tunguu lenyewe, nominativu. Allii ni genitivu ya Allium, "-a Allium". Sativi ni genitivu ya sativum, inayopatana na Allii. Tunguu la Allium sativum. Hakuna zaidi.

Sasa jaribu hizi mwenyewe kabla ya kusoma majibu: mbegu ya habasoda, mbegu ya tango, majani ya bangi. Mbegu ni semen, majani ni folia.

Majibu: semen Nigellae sativae, semen Cucumeris sativi, folia Cannabis sativae.

Angalia hiyo ya pili. Genitivu ya Cucumis ni Cucumeris, yenye -is, lakini kivumishi chake ni sativi, chenye -i. Ya tatu ni kali zaidi: Cannabis haikubadilika hata kidogo, kwa kuwa genitivu yake inafanana na nominativu, lakini kivumishi kimebadilika kuwa sativae. Bila hicho kivumishi usingejua kwamba ni genitivu. Aliyeandika "Cucumeris sativis" amerudi kwenye kosa la sauti.

Kisha sentensi fupi:

Agricola cucumeres sativos serit. Mkulima anapanda matango. Cucumeres ni akusativu ya wingi, ya kiume, ndiyo maana sativos.

Coriandrum sativum emo. Ninanunua giligilani.

cum allio sativo. Pamoja na kitunguu saumu. Neno cum hutaka ablativu.

Andika zako kumi za namna hii, ukibadilisha mmea na kitenzi.

Hatua ya 8: Viwango vya ulinganisho, kwa kifupi

Wengi huuliza "iliyopandwa zaidi" inasemwaje. Sativus hakilinganishwi. Kitu kimepandwa au hakikupandwa.

Kwa vivumishi vinavyolinganishwa, chukua altus, "refu kwenda juu": altior, "refu zaidi", na altissimus, "refu kuliko vyote". Vile vinavyoishia -er huchukua -rimus badala ya -issimus: niger huwa nigerrimus. Mfano hai ni mpunga wa asili ya Afrika Magharibi, Oryza glaberrima. Glaber ni "kisicho na manyoya, laini", na glaberrima ni "laini kuliko zote". Hapo jenasi moja ina mipunga miwili: mmoja una kivumishi cha kawaida, mwingine una cha kiwango cha juu, na vyote ni vya kike kwa sababu Oryza ni ya kike.

Matamshi, kwa sababu nayo huulizwa

Sativus husisitizwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sa-TI-vus. Inaangukia palepale Kiswahili kinapoweka mkazo, kwa sababu hiyo i ni ndefu. Wanaofuata matamshi ya Roma ya kale husema sa-TI-wus. Kanisani husemwa v. Chagua moja ushike hilo.

Tahadhari tu usiipeleke mazoea ya Kiswahili kila mahali. Silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa fupi, mkazo hurudi nyuma: CU-cu-mis, RA-pha-nus, a-ro-MA-ti-cum.

Ukikwama

Neno la pili la jina la mmea halibadiliki hata kidogo. Huenda si kivumishi. Cepa kwenye Allium cepa ni nomino, na mays kwenye Zea mays vilevile. Nomino haipatanishwi jinsia, huachwa ilivyo.

Linaishia -i au -ii ingawa nomino iko kwenye nominativu. Huenda ni jina la mtu kwenye genitivu. Kima punju wa Unguja, Piliocolobus kirkii, ana jina la John Kirk, aliyekuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar. Kirkii ni "wa Kirk", na itabaki hivyo hata mnyama akihamishiwa jenasi nyingine.

Linaishia -is au -e. Ni kivumishi, lakini cha kundi lingine. Silvestris ni ya kiume na ya kike pia, silvestre ni ya jinsia kati. Jedwali la sativus halikihusu. Tafuta la kundi la tatu.

Umepata sativ- lakini kamusi haionyeshi kitenzi. Angalia ndani ya mabano mwanzoni mwa ingizo. Kamusi za zamani huandika humo kitenzi mama kwa neno moja, "sero", na huenda zisieleze wazi ni lipi kati ya hayo. Rudi hatua ya 3.

Vitabu viwili vinatoa miisho tofauti kwa mmea mmoja. Kwanza angalia kama jenasi ni ileile. Ikiwa ni tofauti, huenda vyote ni sahihi, kila kimoja kwa wakati wake, kama ilivyokuwa kwa mkarafuu. Ikiwa jenasi ni ileile, kimoja kimekosea: tafuta jinsia ya nomino kamusini, kisha sahihisha kwa penseli pembeni.

Lebo ya losheni imeandika "Cucumis Sativus" kwa herufi kubwa zote mbili. Watengenezaji wa vipodozi huandika hivyo. Katika maandishi ya sayansi neno la kwanza huanza na herufi kubwa na la pili na ndogo, na yote mawili hulazwa. Kwenye mtihani andika hivyo, na ukiandika kwa mkono, yapigie mstari chini.